Kura za Waliompenda

Kanali Micajah Pruett hakuweza kuona moshi wa jirani akatulia. Ukipanda mmoja upande wa mashariki, alikunja uso. Ukipanda wa pili, alianza kulalamika kwamba hewa imekuwa nzito. Ukipanda wa tatu, mkewe Keziah alijua kwamba kesho atamkuta bwana huyo uani, mikono kiunoni, macho magharibi, na kwamba ni wakati wa yeye kutafuta kamba za kufungia masufuria.

Kamba hizo alikuwa amezitafuta mara tatu. Walitoka bonde la Shenandoah wakaenda Yadkin, wakatoka Yadkin wakaenda Holston, wakatoka Holston wakavuka milima mpaka Kentucky, kwenye kijito ambacho wakati ule hakikuwa na jina la Kizungu. Yadkin aliacha kaburi la mtoto wa miaka miwili. Holston aliacha mawili, ya mapacha. Hajawahi kurudi kuyaona, na siku nyingine alipojaribu kukumbuka jiwe alilowawekea mapacha lilikuwa la rangi gani, alishindwa, akashinda siku nzima hataki kusemeshwa.

Hapa kijitoni walikuwa wamekaa miaka kumi na sita. Usidhani Kanali alibadilika. Kazi ndiyo iliyomshika shati. Kwanza kulikuwa na ngome ya kujenga, magogo marefu yaliyochongwa ncha, familia thelathini ndani, na Washawnee, wenyeji wa asili, nje wakidai nchi yao, dai ambalo Kanali mwenyewe alikiri kwamba lilikuwa na mantiki, ingawa hakuacha kuwapiga risasi. Mahindi yao aliyachoma misimu miwili. Baadaye, akishalewa kidogo, alisema yalikuwa mahindi mazuri kuliko yake, na watu walicheka, naye hakucheka. Kisha vijana wa mgambo wakamchagua kapteni, kisha kanali, kisha akawa hakimu wa wilaya, kisha akapanda farasi kwenda kupiga kelele mpaka Kentucky ikawa jimbo linalojitegemea. Ngome ikageuka mji mdogo, ukaitwa kwa jina lake. Amani ilipokuja, ndipo balaa ilipoanza. Mtu aliyezoea kulala na bunduki hakujua afanye nini na mto wa kulalia.

Na miaka mitatu iliyopita, Dorcas, binti yao wa pekee aliyekuwa amebaki, alikufa akijifungua, yeye na mtoto. Keziah aliwazika kilimani nyuma ya nyumba, mahali anapopaona akiwa jikoni. Siku ile alijiambia kwamba hili kaburi haliachi. Haliachi hata dunia ikigeuzwa chini juu.

Basi majira ya kuchipua ya mwaka 1800 ikaja barua ya Mhispania mmoja, ofisa wa serikali. Ng'ambo ya mto Mississippi, nchi ya Missouri, mfalme wa Hispania alikuwa anagawa ardhi kwa kila mwenye familia, na kwa mtu wa cheo kama Kanali angempa ya kutosha kijiji. Kanali aliisoma kwa sauti mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amesimama.

"Huko utaambiwa uwe Mkatoliki," Keziah alisema.

"Nitakuwa Mkatoliki siku za Jumapili tu."

"Kanisani kwenyewe huendi Jumapili."

"Sasa si ndiyo rahisi!"

Keziah aliweka mwiko chini. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na magoti yake yalijua kila mlima kati ya Virginia na pale. Alijua pia kwamba kumwambia mumewe "usiende" ni kumwambia mbwa asinuse. Kwa hiyo alipiga hesabu, akajiona mjanja kweli.

"Sikiliza," alisema. "Agosti kuna uchaguzi wa bunge la jimbo. Gombea. Wakikupeleka Frankfort, unabaki, unawatumikia. Wakikukataa, nitafunga mizigo mwenyewe na hutasikia neno kutoka kwangu."

"Neno hata moja?"

"Hata nusu."

Kanali alitafakari, akampa mkono kama wanavyopeana wanaume wakiuziana farasi. Keziah alirudi kwenye sufuria yake moyo mweupe. Nani angemkataa Micajah Pruett katika mji wa Pruett? Nusu ya wapiga kura walikuwa hai kwa sababu yake. Mpinzani wake alikuwa wakili mmoja kijana, Lemuel Ashcraft, mwenye soksi za hariri na kikohozi, aliyefika juzi kutoka mashariki na sanduku la hati.

*

Uchaguzi ulikuwa wa siku tatu, ili hata wa mabondeni mbali wafike. Meza iliwekwa barazani mwa mahakama. Katikati alikaa sherifu Barnabas Yoakum na karani wake. Kulia Kanali, kushoto wakili. Kila mwanaume alipanda ngazi, akataja jina lake, akamtaja anayemtaka, kwa sauti, mbele ya wagombea wote wawili na mbele ya jirani zake na mbwa wao. Aliyetajwa alisimama, akainama, akashukuru. Chini uwanjani nguruwe wawili walikuwa wanachomwa, na pipa la wiski ya mahindi lilikuwa limefunguliwa. Waliogeuza nyama walikuwa watumwa wawili wa wakili, na waliopika mikate walikuwa wake za wapiga kura, na hao wote hakuna aliyewauliza wanamtaka nani.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wakili Ashcraft, kama ilivyo ada ya waungwana, alipanda mapema akampigia kura mpinzani wake. "Kwa Kanali Pruett," alisema, akakohoa. Watu wakampigia makofi, maana ada hiyo inapendeza: mgombea humpa mwenzake kura, mwenzake humrudishia, hakuna anayepungukiwa. Kanali alisema yeye atairudisha mwishoni, siku ya tatu, kama inavyompasa mkubwa. Kufikia jioni Kanali alikuwa mbele kwa kura ishirini na nane. Keziah, akiwa na unga mpaka viwikoni, aliimba.

Siku ya pili asubuhi alipanda Obadiah Stroud.

Obadiah huyu alikuwa na mguu mmoja mfupi. Mwaka wa vita vya kijitoni alipigwa risasi ya paja, na Kanali alimbeba mgongoni maili sita usiku kucha, damu ya Obadiah ikimchuruzikia shingoni. Mtoto wake wa kwanza alimwita Micajah. Wa pili naye alimwita Micajah, wa kwanza alipofariki.

"Obadiah Stroud," alisema, akitazama buti zake. "Kwa Bwana Ashcraft."

Karani aliuliza tena, akidhani amelewa.

"Umesikia. Ashcraft. Na Mungu anisamehe."

Wakili alisimama, akainama, uso umemwiva. Keziah aliuacha mkate uungue. Nyuma yake wakapanda wawili wengine wa mgambo wa zamani, wakasema vilevile, na mmoja wao alikuwa anatokwa na machozi. Keziah alimkuta Obadiah kwenye birika la farasi, anajimwagia maji kichwani.

"Kakununua kwa kiasi gani yule mkohozi?"

"Shemeji, usinitukane."

"Kakununua kwa kiasi gani? Ule mgongo uliokubeba bei yake ngapi?"

"Hajaninunua!" Obadiah alijifuta uso kwa kofia. "Shemeji, nisikilize. Shamba langu limekwenda. Nilitia alama miti kwa shoka langu, miaka kumi na minne nimelima, sasa anakuja mtu na karatasi kutoka Richmond, kule Virginia, anasema ni lake. Juu ya karatasi yake kuna karatasi ya mwingine. Sio mimi tu, mgambo wote. Hapa sisi tumekwisha. Missouri kuna ardhi, lakini nani atatuongoza? Tukimpeleka Kanali Frankfort, akakaa kwenye kiti na kuandika sheria za mbwa na ua, sisi atatupeleka nani?"

Keziah alishika ukingo wa birika.

"Kwa hiyo mnamwangusha."

"Tunamwangusha kwa sababu tunampenda," alisema Obadiah. "Nimemtaja yule bwana mdomo ukinichoma kama pilipili."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba huenda kinakula kwa mapenzi. Keziah alirudi kwenye mikate. Alikuwa amehesabu maadui wa mumewe wote, mmoja mmoja, akawaona ni wachache. Marafiki hakuwahesabu. Huo ndio ulikuwa ujanja wake wote.

Mchana alimpelekea Kanali nyama, akamweleza. Alitegemea hasira. Kanali alitafuna polepole, akaacha, akaitazama sahani, na Keziah akaona jambo ambalo lilimtia baridi kuliko kura yoyote. Macho ya mumewe yalikuwa yanang'aa.

"Wote wako tayari kwenda?" aliuliza.

"Micajah. Wanakuaibisha mbele ya wilaya nzima."

"Ndiyo, ndiyo, aibu kubwa," alisema, akijaribu kununa. "Familia ngapi, alisema?"

"Hukuniuliza mimi naendeleaje."

"Kez, mke wangu, uchaguzi bado. Siku moja imebaki. Ngoja tuone watu wataamuaje." Na akampiga piga begani, begani kabisa, kama anavyompiga farasi wake akimwomba avuke maji mengine.

Keziah alikwenda kusimama nyuma ya mahakama, akalia kidogo, kwa ghadhabu zaidi kuliko huzuni. Akajifuta, akafunga upya kitambaa chake. Kama marafiki wamekuwa maadui, alijiambia, basi twende kwa maadui.

*

Asubuhi ya siku ya tatu alitembea maili mbili mpaka kwa Tobias Goff. Mzee Goff alikuwa ameshtakiana na Kanali miaka kumi na mmoja juu ya chemchemi iliyo mpakani. Kila mmoja alikuwa na mti wake aliodai ndio kona ya shamba. Mmoja wa miti hiyo ulikatwa usiku, na hawajasemezana tangu siku hiyo, isipokuwa kupitia kwa mawakili na kwa matusi.

"Unataka nini, mke wa mwizi?"

"Nataka umpigie mume wangu kura."

Goff alicheka mpaka akashika mlango. "Nimpigie! Ningempigia kwa rungu!"

"Asiposhinda anahamia Missouri."

"Safari njema. Nitampa na mkate wa njiani."

"Sawa. Na kesi yako utaipeleka kwa nani?" Keziah alikaa kwenye kisiki bila kukaribishwa. "Chemchemi itauzwa kwa mtu wa Virginia, mwenye mawakili sita. Huyo hatakuja uani kwako kukutukana, atakutumia barua. Micajah unamjua. Unajua anaamka saa ngapi, unajua anadanganya vipi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, mzee."

Goff alitema tumbaku. Alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa wameondoka mmoja mmoja. Keziah aliona amekunja uso si kwa hasira.

"Anadanganya vibaya sana," mzee alisema hatimaye. "Mbele ya hakimu masikio yanakuwa mekundu. Mtu wa Virginia hatakuwa na masikio mekundu."

"Hatakuwa nayo."

"Nitaita na wale ndugu wa juu kijitoni. Nao wanamchukia."

Wakaja. Ilikuwa siku ya ajabu, na mpaka leo wazee wanaisimulia wakigonga meza. Wenye kesi na Kanali, waliofungwa jela na Kanali, aliyeng'olewa jino na Kanali kwa ngumi, wote walipanda ngazi wakamtaja Kanali kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Na waliokula naye mahindi mabichi ngomeni, wakati hakuna chumvi, walimtaja wakili, wakashuka wakijifuta macho. Kanali aliinama kwa hawa, wakili akainama kwa wale.

Jua lilipofika juu ya paa la duka, sherifu aliuliza mara tatu kama kuna mwingine. Hakuna. Karani alijumlisha, akajumlisha tena, akasafisha koo.

"Kanali Pruett, mia moja themanini na saba. Bwana Ashcraft, mia moja themanini na saba." Akainua kichwa. "Kanali mwenyewe bado hajapiga."

Hapo ndipo uwanja mzima ulipoelewa. Wakili alikuwa ameshatoa kura yake ya uungwana. Ikirudishwa, Kanali ameshindwa kwa kura moja. Lakini sheria haikumkataza mtu kujitaja mwenyewe. Wapo waliowahi kufanya hivyo, wakachekwa mwezi mmoja, wakakaa bungeni mwaka mzima.

Kanali alisimama. Alikuwa bado mwanaume mrefu, na nywele zake nyeupe zilimpendeza. Alitazama uwanja, akamtafuta Keziah, akampata karibu na moshi wa nyama.

Keziah hakupiga kelele. Alimtazama tu, na katika kutazama huko alimwomba kwa miaka yote thelathini na minne ya ndoa yao. *Chekwa mwezi mmoja*, alimwomba. *Kwa ajili yangu, chekwa.*

"Micajah Pruett," alisema Kanali. "Kwa Bwana Lemuel Ashcraft. Kama ilivyo ada."

Kofia zilirushwa juu. Wanaume wa mgambo walipanda barazani, wakamnyanyua aliyeshindwa wakamweka mabegani, wakizunguka naye na kuimba, na mshindi akaachwa kwenye kiti chake na kikohozi chake, hata maji hakuna aliyempa. Kanali alikuwa anacheka juu ya vichwa vya watu. Alikuwa amepungua miaka ishirini. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Keziah alipanda ngazi. Aliteleza kati ya viwiko mpaka mezani, akaweka viganja viwili juu ya daftari la karani, alama ya unga ikabaki kwenye karatasi.

"Andika," alisema. "Keziah Pruett."

"Mama, wanawake hawapigi kura."

"Mimi sipigi kura, natoa taarifa. Andika: Keziah Pruett haendi Missouri."

Wa karibu walicheka, kisha wakaacha, kisha wa mbali nao wakaacha. Walimshusha Kanali chini. Alikuja akiwa bado na tabasamu, amelisahau usoni.

"Kez. Ulinipa mkono. Ulisema neno hutasema."

"Nilisema. Nami navunja, andikeni na hilo. Na wewe uliahidi kugombea. Hukugombea, Micajah. Ulisimama tu."

"Ni ada! Ulitaka nijitaje mwenyewe kama mtu asiye na malezi?"

"Nilitaka unitaje mimi."

Mtu aliyewahi kuhutubia magavana alisimama pale anageuza geuza kofia. Sherifu Yoakum, aliyekuwa na adabu zake, alifunga daftari polepole, akawaambia watu nyama inapoa.

*

Wiki nane walikaa nyumba moja, wakisema ya chumvi na ya kuni. Kanali alijaribu kubembeleza, akajaribu kununa, akajaribu kumleta mhubiri. Keziah alimshonea mashati manne mapya, hakumshonea neno. Mashati hayo ndiyo yaliyomfahamisha Kanali kwamba kukataa kwake hakukuwa kwa hasira.

Mwisho wa Septemba magari ya farasi yaliondoka, familia arobaini na moja, ng'ombe, nguruwe, na Obadiah Stroud akichechemea mbele na bendera. Keziah alisimama kilimani, karibu na Dorcas. Alijua yatakavyokuwa: mumewe atavuka kivuko bila kugeuka, kama alivyovuka vyote. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amelililia mapema.

Magari yalifika kivukoni yakasimama. Akadhani gurudumu limeharibika. Lakini jua lilipanda, na yakawa yamesimama tu, na mbele ya yote alimwona mtu mrefu amekaa juu ya farasi, uso umeelekea nyuma, nyumbani. Mtu ambaye hakuwahi kumngoja yeyote nusu saa, hata mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa, alingoja asubuhi yote. Akangoja na mchana.

Keziah hakuwa amejiandaa kwa hilo. Aliteremka kilima mpaka getini, hana shali, hana viatu vya safari. Alishika komeo. Alisema kwa sauti, "Njoo basi wewe, mpumbavu mkubwa, njoo wewe," na hakuna aliyemsikia. Alipoinua macho tena, farasi alikuwa amegeuka na maji yalikuwa yamemfika tumboni.

Alibaki kama alivyotaka. Nyumba yake, jiko lake, binti yake kilimani. Mzee Goff alikuja siku ya tatu kuchota maji chemchemini bila kuomba ruhusa, akasimama makusudi, akisubiri atukanwe, na Keziah alimtukana kidogo ili asijisikie vibaya.

Majira ya baridi yalipoingia, ndipo alipojigundua. Alikuwa hawezi kukaa. Alianza kusuka, akaacha. Alihamisha meza dirishani, akairudisha ukutani. Asubuhi aliamka kabla ya jogoo, akatoka uani bila sababu, na akajikuta amesimama, mikono kiunoni, anatazama magharibi, akihesabu moshi, na hakukuwa na moshi hata mmoja.